Karavani yangu baada ya miezi 14: vilivyofaa, vilivyonitia hasara, na fundi mmoja wa bodi hapa Nakuru

Nimeoa Maragoli. Kwa wakwe zangu, mume wa binti haruhusiwi kulala chini ya paa la mama mkwe, hata inyeshe mvua ya mawe. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimekuwa nikifika kule kwa harusi na matanga, nakula nashiba, napiga stori na mashemeji, halafu saa nne usiku naanza kuulizia gesti Mbale au Chavakali kama mtu asiye na kwao. Kwa hiyo niliposikia kuna mkulima wa Njoro anauza karavani kuukuu, lile tela la kulala linalovutwa na gari, sikuuliza mara mbili.

Niliikuta nyuma ya ghala, ndani wanalelewa vifaranga. Ni karavani ya Kiingereza ya miaka ya sabini, zile za bati la alumini nje, fremu ya mbao katikati na plaiwudi nyembamba ndani. Jina la kampuni limefutika, zimebaki herufi mbili. Nikalipa 130,000 na kuivuta hadi kwangu Kiamunyi kwa pikapu, mwendo wa jongoo, taa za nyuma za kuazima.

Mimi si fundi. Niliendesha matatu kati ya Nakuru na Kisumu kwa miaka 19, na ukikaa na gari la watu muda huo masikio yanafunguka. Kazi nyingi nimeifanya mwenyewe uani, mama watoto akishika tochi na kutoa maoni ambayo sikuyaomba. Haya ni maoni yangu mimi kuhusu vitu nilivyonunua na watu niliowalipa. Maduka sitayataja, kwa sababu mawili kati yao nitayasema vibaya.

Nianze na paa, maana ndilo lililonila pesa.

Mvua ya kwanza ya Aprili iliingia kwenye kona ya kitanda. Nikaenda hadweya moja mjini, kijana wa kaunta akanipa mirija sita ya silikoni nyeupe na kuniapia kwamba hii hata tangi la samaki haivujishi. Kwa tangi la samaki hakudanganya. Kioo na silikoni wanapendana. Nilipaka kila ufa niliouona, na vingine ambavyo havikuwa nyufa. Karavani nzima ikanuka siki kwa siku tatu. Baadaye ndipo nikajua ile harufu ni asidi inayotoka silikoni ikikauka, na asidi ikikaa juu ya alumini inaila. Kufikia Julai kulikuwa na unga mweupe kuzunguka skrubu, silikoni inabanduka kama ngozi ya nyoka, na kona ya kitanda ni ile ile, imelowa. Ubaya mwingine ni kwamba silikoni ikishakauka, hakuna kitu kinachoshika juu yake, hata silikoni mpya. Lazima uikwangue yote. Nilikaa siku mbili juu ya ngazi na kisu cha kukwangulia rangi hadi vidole vikafa ganzi. Ukitaka nyota, hapo weka moja, na hiyo ni ya kaunta kuwa na kijana mwenye heshima.

Aliyenitoa shimoni ni fundi wa bodi wa jua kali, wale wanaojenga mabodi ya matatu. Karakana yake haina bango. Kuna mifupa miwili mitatu ya magari, redio inayoongea peke yake, na mbwa anayelala chini ya jenereta. Nilimjua tangu nikiwa barabarani. Ndiye aliyetuzibia gari letu moja lililokuwa linawanyeshea abiria wa kiti cha nyuma. Alikuja Kiamunyi na pikipiki, akazunguka karavani mara moja, akapitisha kidole gumba chini ya ile reli ya alumini inayoshikilia turubai pembeni mwa paa. Akasema, "Mzee, maji hayaingilii pale unapoyaona." Akaniomba mpira wa maji, na mimi akaniambia niingie ndani na tochi.

Hapa ndipo alipostahili pesa zake. Mimi ningeanza juu, na ukianza juu maji yanateremka kila mahali na hujui yameingilia wapi. Yeye alianza chini. Alimwagia sehemu ya chini ya ukuta dakika kumi, mimi ndani natazama, kavu. Akapanda hadi chini ya dirisha, dakika kumi, kavu. Akapanda hadi kichwa cha dirisha, kavu. Alipofika kwenye reli, hata dakika mbili hazikuisha, nikaona tone limetokea kwenye kona ya kitanda, mita moja na nusu kutoka pale alipokuwa anamwagia. Maji yalikuwa yanaingilia kwenye matundu ya skrubu za reli, yanatembea juu ya ubao wa fremu ndani ya ukuta, kisha yanashuka kwenye kona. Mimi nilikuwa nimeipaka kona silikoni mirija miwili.

Tulitoa reli. Skrubu 62, nilizihesabu kwa sababu nusu zilikatika na ilibidi zitobolewe. Ubao wa nyuma yake ulikuwa laini, unautoboa kwa ufunguo. Tukakata kipande cha mita moja na nusu, tukaweka saipresi iliyotiwa dawa. Kabla ya kurudisha reli akalaza chini yake utepe wa butili. Hiyo ni kama lami laini inayokuja kwenye roli, na inabaki laini kwa miaka. Ndiyo maana bati likipanuka juani na kusinyaa usiku, yenyewe inafuata. Ulipokaza skrubu, utepe ulifurika pembeni kama ugali wa wimbi ukibanwa mkononi. Anauacha ukae siku mbili, anakaza tena, halafu anakata kilichozidi kwa kadi kuukuu ya benki. Skrubu mpya ni za chuma kisichoshika kutu, na hapo alikuwa mkali: za kawaida alizitupa mbwa akakimbia.

Kwenye viungo vya bati lenyewe, vile ambavyo havitafunguliwa tena maisha, aliweka gundi ya poliyurethani, ile wanayobandikia vioo vya mbele vya magari. Hiyo ina nguvu ya ajabu, na ndiyo hatari yake. Usiiweke kwenye dirisha au kitu chochote utakachotaka kukitoa kesho, maana utakitoa na ukuta wake. Madirisha manne niliyafanya mwenyewe baada ya kumtazama, kwa butili, dirisha moja kwa siku. Utepe haukupatikana Nakuru wakati ule. Niliagiza Nairobi, ukaja kama kifurushi kwenye matatu, asubuhi yake niko nao.

Alinitoza 6,500 kwa siku mbili na mbao juu yangu. Nitamlaumu kwa mawili. "Kesho" yake ilikuwa kesho tatu. Na alipopulizia rangi ile sehemu mpya, hakufunika dirisha, kwa hiyo nina kioo chenye madoadoa meupe kama yai la kanga. Lakini tangu siku hiyo nimelala Kericho, mahali ambapo mvua ya alasiri ina ratiba kuliko basi, nikatandaza gazeti kwenye ile kona. Asubuhi nikalisoma.

Umeme sasa. Hapa nilikuwa mjuaji, na ukaniaibisha.

Nilinunua paneli ya sola ya wati 200, chaji kontrola ya MPPT (kidhibiti cha umeme wa paneli unaoingia kwenye betri), betri ya lithiamu ya volti 12 na amp-saa 100, na friji ya lita 40 inayotumia volti 12 moja kwa moja bila inveta. Jumla ilikaribia laki na ishirini. Watu wananiuliza kwa nini sikuchukua betri ya asidi ya bei nafuu. Ile ya asidi ukizoea kuishusha kupita nusu inakufa mapema, kwa hiyo mia moja ya kwenye karatasi ni hamsini mkononi. Ya lithiamu unaitumia karibu yote. Halafu nilizibeba zote mbili dukani: ya lithiamu niliiinua kwa mkono mmoja, ya asidi ilinikumbusha umri wangu.

Safari ya kwanza tulilala Dunga, Kisumu. Nilinunua ngege wawili wabichi pale ufuoni, nikawatia kwenye friji kwa fahari. Saa saba usiku friji ikazima, taa nyekundu inamulika. Betri inaonyesha imejaa. Nikaizima, nikaiwasha, ikanguruma dakika tano, ikazima tena. Asubuhi mama watoto aliwanusa wale samaki, akawapelekea paka wa jirani bila kusema neno. Ningependa angesema.

Nikapiga simu dukani. Aliyeniuzia friji akasema betri ni mbovu. Aliyeniuzia betri, duka hilo hilo, kaunta ya pili, akasema friji ni mbovu. Nikarudi nyumbani nikanunua mita ya kupimia volti, shilingi 1,200. Kwenye betri nikapata 13.2. Nyuma ya friji, ikiwa inanguruma, nikapata 12.1. Volti moja na kitu imeliwa njiani, na friji ikitaka kuwaka upya, pale inapovuta kwa nguvu, inashuka zaidi. Sasa friji hizi zina ulinzi: zikiona volti zimeshuka zinadhani betri inakwisha, zinajizima ili zisiiue. Friji yangu ilikuwa inanitendea wema kwa habari za uongo.

Mwizi alikuwa waya. Kijana wa duka la sola alinipa waya wa milimita 1.5, ule wa taa za nyumba. Kwenye nyumba ya volti 240, ikipotea volti moja hakuna anayejua. Kwenye volti 12 hiyo ni kama sehemu ya kumi ya mali yote. Na njia yangu ilikuwa ndefu, mita saba kwenda na saba kurudi, kwa sababu betri iko mbele na friji iko nyuma, na viungo nilikuwa nimevisokota kwa mkono nikafunga selotepu. Nikang'oa yote. Nikaweka kebo ya milimita 6, ncha zake zimebanwa kwa koleo maalumu na vichwa vya shaba, na fyuzi ya amp 15 karibu kabisa na betri, kitu ambacho dukani hakuna aliyekitaja hata kwa bahati mbaya. Betri ya lithiamu waya wake ukigusana bila fyuzi, moto hauna subira. Kazi hiyo yote ilikula shilingi 2,600. Sasa nyuma ya friji napata 12.9, na tumewahi kukaa siku nne Kampi ya Samaki, joto la Baringo mnalijua, na maziwa hayakuganda wala kuchacha.

Kwa hiyo: friji nyota nne (ina kelele kidogo, kama mzee anayesafisha koo), betri tano, paneli tano, duka lililoniuzia vyote hivyo mbili. Hawakuniibia. Waliniuzia vitu vizuri na kamba ya kuvifungia iliyooza. Ukinunua vifaa vya sola uliza unene wa waya kabla hujauliza bei ya paneli, na kama anayekuhudumia hajakuuliza umbali wake, nenda kwa mwingine.

Godoro nilikatiwa na fundi wa viti vya matatu, sponji ya haidensiti ya inchi nne, kitambaa kile kile cha viti. Zuri. Mgeni akiketi anauliza nauli ni ngapi. Wavu wa mbu weka kwenye kila tundu, hata lile unaloona dogo, Kisumu hawabishani. Turubai la pembeni nililishonesha Kibuye, Jumapili, kwa mama anayeshona mahema ya sherehe. Alinipimia kwa hatua za miguu nikaingiwa na wasiwasi, na likaingia kwenye reli bila kukatwa hata sentimita.

Gesi nitaongea kidogo, maana nimeona picha za watu wakijisifia. Ule mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake ni mzuri kwa bedsita yenye mlango na dirisha. Ndani ya karavani usiuweke. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ukainusa, inalala sakafuni kama maji, inangoja kiberiti. Mtungi wangu uko nje, mbele, kwenye sanduku la bati lenye matundu chini, na kuna tundu jingine lenye wavu kwenye sakafu karibu na jiko. Sanduku nilichomelewa kwa 2,800.

Sasa jambo ambalo lingeweza kunimaliza, na lilikuwa kosa langu, halina duka la kulaumu. Tangi la maji la lita 60 nililiweka nyuma kabisa, chini ya kitanda, kwa sababu ndipo palikuwa na nafasi. Kilo 60 hizo. Tukienda Maragoli sikuona shida. Tulikuwa polepole. Kurudi, mama mkwe akatufungashia. Mnajua kufungashiwa kwa Maragoli. Mikungu minne ya ndizi, gunia la parachichi, kuku watatu ndani ya kikapu. Mashemeji wakavisukuma vyote nyuma kabisa ili tupate pa kupita.

Tukiteremka kutoka Mau Summit kuja Salgaa, mwendo kama 75, lori likatupita. Karavani ikaanza kutikisa mkia. Kidogo kwanza, kama ng'ombe anayefukuza nzi. Halafu si kidogo. Ile barabara nimeiendesha maisha yangu na ninajua imewala watu wangapi ninaowafahamu. Sikugusa breki. Nilishika usukani wima, nikaondoa mguu kwenye mafuta, nikaacha gari lipungue lenyewe. Likatulia. Mama watoto hakuongea tena hadi Nakuru, na hiyo si tabia yake.

Wiki hiyo nikaipeleka kwenye mizani ya magari ya msagaji wa nafaka: kilo 940 na mizigo. Halafu nikanunua mizani ya bafuni ya shilingi 1,500, nikaweka kipande cha mbao juu yake, nikashusha pua ya karavani, pale inaposhikana na gari. Kilo 18. Karavani za namna hii pua inatakiwa kubeba kama asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote, yaani yangu si chini ya 47. Nyuma ikiwa nzito, mbele inaelea, na kitu kidogo tu kama upepo wa lori kinaianzisha dansi. Nililihamisha tangi hadi juu ya ekseli, kidogo kuelekea mbele, kazi ya nusu siku na mabomba mapya. Sasa pua inasoma 58, ndizi zinapanda katikati, na kuku wanasafiri kwenye pikapu. Kama kuna kitu kimoja kwenye orodha hii yote cha kununua kabla ya kingine, ni ile mizani ya bafuni. Nyota tano, na ningeiongezea.

Kuhusu pa kulala, karavani ilizua kesi. Siku ya kwanza nilipoiingiza Maragoli, wazee watatu waliitwa kabla sijazima injini. Swali lilikuwa kama hii ni nyumba. Ina mlango, ina kitanda, ina jiko, mmoja akasema. Basi ni nyumba, na mkwe amejijengea kwenye boma la mkewe, jambo ambalo halijaonekana. Mwingine akachutama, akapiga tairi kwa fimbo. Akauliza kama gari la kulala abiria, lile la treni ya zamani ya Kisumu, lilikuwa nyumba. Walikunywa chai vikombe viwili kila mmoja. Mwisho wakaamua kwamba yenye magurudumu ni gari, mkwe anaweza kulala garini kwake, ila iegeshwe nje ya ua, na mlango usitazame wa mama mkwe. Mlango wa karavani hii uko kushoto, kwa hiyo huwa naigeuza kwa shida kweli kweli, shemeji mmoja akinielekeza na watano wakimpinga.

Mwezi jana nilimpelekea fundi wangu wa bodi akague beringi za magurudumu. Zilikuwa na grisi ya enzi za mkulima, ngumu kama sabuni ya mche. Akazibadilisha zote mbili upande wa kulia. Halafu akapangusa tairi na kunionyesha zile namba nne ubavuni: wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zangu zilisoma 2309, wiki ya 23 ya 2009, ingawa kashata zake zilikuwa nzuri kabisa za kuonea fahari. Tairi za karavani hazifi kwa kulika, zinafia zimesimama. Jua linazipasua ubavu. Nimenunua mbili mpya, na akanishauri kila ninapokaa mahali zaidi ya wiki mbili niiinue karavani kwa jeki, niisimamishe kwenye vyuma vinne, nizitoe tairi kabisa na kuziweka kivulini.

Ushauri mzuri, na vile vyuma vinne amenichomelea kwa 3,200, vimesimama sawasawa hapa uani. Kiamunyi natoa tairi. Maragoli haziguswi.